Reli ya John Allen, Gorre & Daphetid: ubao mdogo wa kufuata mbinu zake, tuanzie wapi?

reli87 ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu.

Picha za Gorre & Daphetid, ile reli ya modeli ya John Allen kule Monterey, California, zimepita nusu karne na bado zinamshika mtu macho. Nataka kujenga ubao mmoja wa meta 2.4 kwa 1.2, skeli ya HO (1:87, geji ya milimita 16.5), nikifuata mbinu zake: milima mirefu, njia zinazopishana juu na chini, mabehewa yaliyochakaa kama yamefanya kazi miaka, na vioo vya kurefusha mji.

Ninachohitaji kujua: je, kwenye eneo hili treni inaweza kupanda na kupita juu ya njia nyingine bila kukwama? Miamba ya plasta inapatikanaje isionekane kama uji ulioganda? Kioo kinafichwaje? Na lile fumbo lake la kupanga mabehewa, Timesaver, linahitaji nafasi kiasi gani? Mwenye kujua atoe kwa vipimo tafadhali.

---

BwanaPointi amejibu:

Mkuu, kwanza ujue unafuata reli ipi, maana Gorre & Daphetid zilikuwa tatu. (Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: ukilitamka kwa Kiingereza unasikia "gory and defeated", yaani iliyojaa damu na iliyoshindwa.) Ile kubwa ya picha maarufu, yenye mandhari ya kutoka sakafuni hadi darini, ni ya tatu, aliyoijenga kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kuanzia miaka ya 1950. Ya kwanza ilikuwa ubao mdogo wa mwishoni mwa miaka ya 1940, mdogo kuliko huo wako, na hakuutupa: aliuingiza ndani ya ile ya tatu ukawa sehemu ya mandhari. Huo wa kwanza ndio mwalimu wako. Ukitazama ile ya tatu tu utakata tamaa, au utajaribu kubana chumba kizima ndani ya meta mbili.

Sasa hesabu ya kupanda. Njia ya juu ikipita juu ya ya chini, unahitaji nafasi ya milimita 76 kutoka uso wa reli ya chini hadi tumbo la daraja. Ongeza unene wa plaiwudi, koki (tabaka laini la kizibo linalolazwa chini ya reli) na reli yenyewe, kama milimita 20. Kwa hiyo treni inapanda sentimita 9.5. Kwa mwinuko wa asilimia 3, yaani sentimita 3 kwa kila meta, hizo ni meta 3.2 za njia.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaishia kwenye meta 3.2. Reli haiwezi kutoka tambarare ikaingia asilimia 3 ghafla. Ukifanya hivyo, ndoano za kuunganishia mabehewa zinapishana kwa urefu na kuachana, na injini yenye magurudumu mengi inaning'inia, magurudumu ya katikati hewani. Ongeza mwinuko taratibu, asilimia 1 kwa kila sentimita 25 hivi. Mipito hiyo ya chini na juu inakula kama sentimita 75 zaidi, kwa hiyo hesabu meta 4.

Na kona nazo zina uzito wake. Kwenye ubao wa meta 1.2 kona zako zitakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 46. Kanuni inayotumika kwa HO ni kugawa 81 kwa nusu kipenyo cha kona kwa sentimita, jibu ni asilimia ya mwinuko wa ziada ambao injini inausikia. 81 kwa 46 ni karibu 1.8. Maana yake asilimia 3 kwenye kona hiyo inavutwa kama karibu asilimia 5. Injini ndogo ya mvuke itapanda na mabehewa manne au matano ikiwa magurudumu ya mabehewa yanazunguka vizuri. Usitegemee kumi. Kama unaweza, punguza mwinuko kwenye kona uwe asilimia 2 na uache 3 kwenye sehemu zilizonyooka.

Dawa ya eneo dogo ni hii: pale njia mbili zinapoachana kwenye pointi (kifaa cha kugawanya njia), moja ipande na nyingine ishuke. Zote mbili zikiwa na asilimia 3, tofauti kati yao inakua kwa sentimita 6 kila meta, na ule urefu wa meta 3.2 unarudi 1.6 (mipito ibaki palepale). Lakini huwezi kushuka kama reli imelala juu ya meza bapa. Kwa hiyo usianze na ubao mzima. Jenga fremu ya mbao, simamisha vigingi, kisha plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 uikate vipande vinavyofuata njia tu, upana wa sentimita 6 hadi 7. Faida ya pili ni kwamba kipande kirefu cha plaiwudi kikikunjwa juu kinajitengenezea mpito chenyewe, mradi kigingi cha kwanza kisikae karibu sana na mwanzo wa mwinuko. Na bonde nalo linapata mahali pa kuzama chini ya usawa wa reli, jambo ambalo ndilo linalofanya daraja liwe na sababu ya kuwepo.

Umeme: nyaya kuu mbili za milimita mraba 1.5 zipite chini ya fremu, na kila kipande cha reli kipate nyaya zake fupi zilizolehemewa. Usitegemee viungo vya chuma kupitisha umeme. Baada ya kuweka kokoto na gundi vinaanza kukataa kimoja kimoja, tena ndani ya handaki.

---

fundi_plasta amejibu:

Naongezea kwenye mandhari.

Ganda la mlima kwanza. Njia rahisi ni ile iliyoenezwa na Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader. Finyanga magazeti, yapange yapate umbo la mlima, yashike kwa utepe wa karatasi. Chukua taulo za karatasi nzito, zikate vipande vya kama sentimita 20 kwa 30, zichovye kwenye plasta laini kama krimu na uzilaze juu, kila kipande kikilalia nusu ya kilichotangulia. Matabaka mawili yanatosha. Ikikauka, toa magazeti kwa chini na ganda linasimama lenyewe. Changanya nusu lita kwa mara moja, si zaidi, maana inakaza ungali unapanga. Na chombo kioshwe kila mzunguko: mabaki ya plasta iliyokaza yanaharakisha mchanganyiko unaofuata, unashangaa unagandia mkononi.

Miamba inatoka kwenye kalibu za mpira. Unaweza kuzitengeneza kwa kupaka mpira wa maji kwenye jiwe halisi lenye nyufa nzuri, matabaka sita hadi nane, kila moja likikauka kabla ya lingine, na kitambaa cha bandeji katikati ya matabaka ili usichanike. Chagua jiwe lenye nyufa ndogo. Ufa wa sentimita 1 kwenye HO ni ufa wa karibu sentimita 90, mtu anaingia.

Kumwaga: plasta sehemu 2 kwa maji sehemu 1, kwa ujazo. Plasta ndiyo inayoingia kwenye maji, pole pole, isije ikafanya madonge. Nyunyizia kalibu maji yenye tone la sabuni ili viputo vya hewa visishike. Sasa kaa uitazame. Mwanzoni uso unang'aa kama maziwa. Baada ya dakika kadhaa mng'aro unazimika, na ukikunja kalibu kidogo unaona plasta inaanza kupata mikunjo midogo bila kumwagika. Hapo hapo ibandike kwenye ganda, ishikilie dakika 3 hadi 5 mpaka uisikie inapata joto mkononi, ndipo umenye mpira taratibu ukianzia pembeni. Ukiwahi, itateremka. Ukichelewa, haitafuata umbo la mlima na utabaki na kigae kilichobandikwa ukutani.

Kosa linaloangusha miamba ni kubandika kwenye ganda kavu. Ganda kavu linanyonya maji ya plasta mpya kabla haijakaza, katikati panabaki unga, na baada ya wiki chache jiwe linadondoka lote. Lowesha ganda mpaka lisinyonye tena, ndipo ubandike.

Rangi: usipake, nyonyesha. Akriliki sehemu 1 kwa maji sehemu 16. Weka madoa ya njano ya udongo kama theluthi ya uso, kama madoa ya chui, kisha madoa ya kahawia nzito kama theluthi nyingine, halafu nyeusi iliyozimuliwa zaidi, 1 kwa 32, juu ya mwamba wote. Itakimbilia kwenye nyufa na kuunganisha madoa. Ikikauka kabisa, pitisha brashi kavu yenye rangi nyeupe ya krimu kwenye kingo tu. Rangi ya maji ikiwa bado mbichi mwamba utaonekana mweusi mno. Usihukumu mpaka kesho yake.

Mabehewa. Allen ni miongoni mwa watu wa kwanza waliofanya uchakavu uwe sehemu ya ufundi wakati wengi bado walipenda modeli zing'ae kama zimetoka dukani. Kwa kuanzia chukua nusu lita ya spiriti ya asilimia 70, tia kijiko kimoja cha chai cha wino mweusi usiofutika kwa maji. Paka behewa zima kwa brashi laini, likiwa limesimama kama linavyosimama relini, ili wino uteremke kama mvua inavyoteremka. Kutu ya chaki iliyosagwa unaipaka baadaye kwenye magurudumu, ngazi na kingo za milango. Zingatia mpangilio wa kazi: spiriti ikipita juu ya vanishi isiyong'aa inaacha ukungu mweupe. Kuna wanaoutumia makusudi kwa mbao zilizopauka, lakini kama hukuutaka, nyunyiza vanishi ileile tena na utaondoka. Na vanishi inameza karibu nusu ya chaki, kwa hiyo zidisha kabla ya kunyunyiza.

Ushauri wangu ni kuanza na mlima mmoja kamili, pembeni, ili ujue kimo kabla ya reli.

---

BwanaPointi amejibu:

fundi_plasta, kwenye hilo la mwisho natofautiana nawe. Plasta ni maji na vumbi. Reli itandikwe na kufanyiwa majaribio kwanza, kwa uchache siku kadhaa za kuendesha treni ndefu kuliko utakayoitumia, mbele na kinyumenyume, kisha ifunikwe kwa utepe kabla plasta haijafika. Behewa linaloacha reli kwenye plaiwudi tupu unalirekebisha kwa dakika tano. Likiacha ndani ya handaki lililokwisha kufungwa, unavunja mlima. Na kila handaki liwe na mlango wa nyuma au wa chini unaopitisha mkono mzima hadi kiwiko.

---

fundi_plasta amejibu:

Kwa handaki nakubali. Kwa kimo tufanye hivi: kata kadibodi kwa umbo la mlima, isimamishe, itazame ukiwa umekaa macho usawa wa reli, ndipo uitoe. Plasta ije baadaye.

---

kioo_cha_mbele amejibu:

Swali la vioo halijaguswa, na ndilo linaloharibika kirahisi kuliko yote.

Usitumie kioo cha kawaida pale ambapo kitu kinakigusa. Kioo cha kawaida kimepakwa nyuma, kwa hiyo kati ya kitu na taswira yake kuna unene wa glasi. Chukua glasi ya milimita 3: barabara inayoishia kwenye kioo itaonekana imekatika pengo la kama milimita 4, ambalo kwa skeli ya HO ni sentimita 35. Macho hayana pazia, yakishauona mstari ule hayaangalii kitu kingine. Tafuta kioo kilichopakwa mbele, kile cha vifaa vya picha na mashine za kunakili. Uso wake unakwaruzika hata kwa kidole, kwa hiyo usifute kwa kitambaa. Puliza vumbi kwa hewa tu.

Kioo kisimame wima kabisa. Kikiinama nyuzi 1 tu, barabara ndani ya kioo inapanda au inashuka na udanganyifu umekwisha. Kifunge kwa skrubu tatu nyuma, uweze kukirekebisha baada ya gundi ya mandhari kukauka, maana plasta inavuta fremu.

Kingo zifichwe: juu kwa daraja la watembea kwa miguu, bomba au paa linalochomoza, pembeni kwa majengo mawili. Mtazamaji asiweze kujiona, kwa hiyo kioo kiwe chini ya usawa wa macho yake au kiwe kimegeuzwa kidogo pembeni, lakini kikigeuzwa barabara nayo igeuzwe ikutane nacho kwa pembe mraba. La sivyo barabara inavunjika kama kiwiko.

Na maandishi. Bango linalotazama kioo litasomeka kinyume, na hilo ndilo linalowaamsha watu. Upande wa jengo unaoonekana kwenye kioo tu, uandike maneno kinyume: kwenye kioo yatasomeka sawa, na mji utaonekana una duka la pili. Jengo moja, pande mbili zenye rangi tofauti na majina tofauti, linakuwa majengo mawili. Njia ya reli usiielekeze kwenye kioo kama treni itapita hapo, kwa sababu utaona injini mbili zinagongana uso kwa uso.

Kwa picha: Allen alikuwa mpiga picha kwa kazi, na alipunguza tundu la lenzi likawa kama la sindano ili reli ya karibu na mlima wa mbali vyote vionekane vikali. Kwa kamera ya leo, piga picha nane hadi kumi bila kuisogeza, kila moja ikilenga umbali tofauti, uziunganishe kwa programu. Lenzi iwe kwenye kimo cha mtu wa skeli hiyo, milimita 20 juu ya ardhi. Picha ya kutoka juu inaonyesha meza.

---

reli87 ameandika:

Wakuu, nashukuru sana, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Nitajenga fremu wazi na njia zinazoachana kama alivyoeleza BwanaPointi. Limebaki la Timesaver. Na Emma je, yule dinosau wa reli ya Allen?

---

namba13 amejibu:

Timesaver ilichapishwa Novemba 1972 katika Model Railroader, miezi miwili tu kabla Allen hajafariki. Ina pointi 5, injini 1 na mabehewa 5. Kuna njia ya injini kuyazunguka mabehewa katikati na njia fupi za pembeni zinazotazama pande tofauti, kwa hiyo behewa la njia moja unalisukuma na la nyingine lazima ulizunguke uje ulivute. Unapewa orodha ya behewa lipi liende wapi, na saa inaanza kuhesabu.

Kwa HO inaingia kwenye ubao wa kama meta 1.5 kwa sentimita 30, kwa hiyo usiibane kwenye ubao wako mkuu. Itengeneze peke yake na uiunganishe pembeni ikihitajika.

Siri yake iko kwenye urefu wa njia. Kila njia ya pembeni inachukua idadi maalumu ya mabehewa, na njia ya kuvutia mabehewa kwenda nyuma na mbele inachukua injini na idadi yake maalumu. Kwa hiyo usipime kwa rula kutoka kwenye mchoro. Chagua kwanza injini na mabehewa yatakayokaa hapo daima, yote ya urefu mmoja (behewa la futi 40 kwa HO ni kama sentimita 15 ukihesabu ndoano), yapange relini, kisha kata reli. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2, basi. Ukiacha nafasi ya nusu behewa fumbo linakuwa jepesi na mtu hafikiri tena. Ukikata mno, behewa la mwisho linabaki juu ya ulimi wa pointi na mchezo hauwezekani kabisa. Mtu akibadilisha injini baadaye akaleta iliyo ndefu kwa sentimita 3, atakuta mizunguko iliyokuwa inawezekana jana leo haiwezekani.

Injini iwe ya kutambaa. Ikiruka badala ya kusogea, angalia uchafu wa magurudumu kwanza, kisha pointi zenye moyo (pale reli zinapokatana) wa plastiki: injini fupi inakosa umeme pale katikati. Tumia pointi zenye moyo wa chuma unaopewa umeme kupitia swichi.

Emma alikuwa modeli ya plastiki ya stegosauri iliyogeuzwa kuwa injini ya kupanga mabehewa, namba 13. Ukitaka kumfanya wako, tafuta mtambo mfupi wa magurudumu manne wenye gia ya chini, mwili ukae juu yake. Tumbo la plastiki ni tupu na jepesi, kwa hiyo jaza madini ya risasi juu kabisa ya magurudumu; ukijaza mkiani, mbele inanyanyuka anapovuta. Miguu ikae nje ya reli bila kugusa chochote, angalau milimita 2 juu ya kokoto, na upana wote usizidi milimita 25 kila upande kutoka katikati ya njia, ama sivyo ataangusha kila alama ya pointi anayopita. Ndoano ya nyuma ifungwe kwenye mtambo. Ukiifunga kwenye mkia, plastiki inapinda na kimo cha ndoano kinabadilika kila akivuta mzigo.

---

reli87 ameandika:

namba13, na ile reli kubwa yenyewe, kuna kipande chochote kilichobaki?

---

namba13 amejibu:

Allen alifariki tarehe 6 Januari 1973, akiwa na miaka 59. Siku kumi baadaye moto ukaingia chumbani na kuiteketeza sehemu kubwa ya reli. Kilichotufikia ni hasa picha, zile alizopiga mwenyewe, na ndiyo sababu kioo_cha_mbele ana haki kukusisitizia kamera. Piga picha za kila hatua, hata plaiwudi tupu. Na weka swichi moja kuu karibu na mlango, inayokata umeme wote wa ubao, taa na transfoma pamoja, uizime kila unapotoka.